Makofi kwa Pudini, Kimya kwa Chakula cha Kila Siku

Katika lugha yetu, mtoto wa mwisho kuzaliwa huitwa kitindamimba, na kitu kitamu kinacholetwa mezani baada ya chakula huitwa kitindamlo. Maneno haya mawili yamebeba kitenzi kimoja, kutinda, yaani kukata au kukomesha, nami nimeishi na vyote viwili kwa muda wa kutosha kuona kwamba havifanani kwa jina tu. Vyote huja mwisho, havidaiwi kazi yoyote nzito, na hupendwa kupita kiasi. Kifunguamimba wetu, binti wa miaka kumi na minne, amekwisha kunieleza mara kadhaa kwamba jambo hili si la haki, na kwa upande wa mdogo wake ninakiri kuwa ana hoja. Leo, hata hivyo, ninataka kuzungumzia kitindamlo, na haki nyingine iliyopotea mezani petu bila mtu kuitafuta.

Naomba nianze na aibu yangu. Kwa miaka mingi mchango wangu jikoni ulikuwa kuchungulia mlangoni na kuuliza kama chakula kimeiva. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu aliyezoea. Ndipo siku moja ya mapumziko, baada ya kusoma maelekezo yaliyodai kuwa ni kazi ya mtu yeyote, nikaamua kutengeneza pudini ya karameli: mayai 4, maziwa nusu lita, sukari gramu 100 ya kuchanganya na maziwa, nyingine ya kuyeyusha, na matone machache ya vanila. Maelekezo ya mapishi yana tabia ya kuficha shida ndani ya maneno mafupi. Kuambiwa “yeyusha sukari mpaka iwe rangi ya asali” ni jambo jepesi kulisoma, lakini anayesimama mbele ya sufuria hugundua kwamba sukari hukaa kwa dakika kadhaa kana kwamba haikusikia, kisha huanza kulainika pembezoni, kisha hugeuka rangi, na kwamba kati ya rangi ile nzuri inayotokea kwenye nyuzi 170 hivi na weusi mchungu usiolika kuna sekunde chache tu. Tena sufuria ikiwa imeepuliwa bado huendelea kuunguza, kwa sababu chuma chenyewe kimeshika moto. Sufuria ya kwanza niliimwaga.

Pudini yenyewe ilipotoka katika oveni ilikuwa na matundu kila mahali, ikielea katika maji yake. Nilikuwa nimeruka hatua moja niliyoiona kuwa ni mbwembwe, ile ya kuliweka bakuli ndani ya trei yenye maji ya moto. Mchanganyiko wa mayai na maziwa huganda vizuri ukifika kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukipitiliza, protini za mayai hujikaza na kuyakamua maji ziliyokuwa zimeyashika. Oveni niliyoiwasha kwa nyuzi 180 ililiunguza bakuli pembeni kabla ya katikati kuiva, wakati maji, ambayo katika chombo cha wazi hayapandi kupita nyuzi 100, yangelikinga na joto hilo. Kitindamimba wetu, mwenye miaka saba, aliligusa bonge langu kwa kidole, akalitazama linavyorudi, akaniuliza kwa adabu kabisa, “Baba, hii ni ya kula au ya kuoshea vyombo?” Tuliila. Mayai manne hayatupwi kwa sababu ya sura.

Wiki iliyofuata nilirudia, safari hii na trei ya maji, moto wa wastani, na pudini ikalala usiku kucha katika friji. Nilipozungusha kisu ukingoni, nikafunika bakuli kwa sahani na kulipindua, ilishuka yote kwa pamoja kwa sauti ndogo ya kuvuta hewa, na karameli ikatiririka pembeni polepole kama mtu asiye na haraka. Watoto walipiga makofi. Binti yangu, ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akinijibu kwa neno moja moja, alisema, “Baba, hii umeipatia kweli. Asante.” Nilisimama pale na aproni ya mke wangu kifuani nikijiona nimejenga nyumba.

Mke wangu wakati huo alikuwa kwenye sinki, na mkononi ana sufuria yangu ya sukari. Karameli iliyobaki chini ilikuwa imekauka kama kioo, nami mchana nilikuwa nimeikwangua kwa kijiko mpaka nikakata tamaa na kuiacha. Yeye hakukwangua. Alitia maji, akairudisha motoni, akaacha yachemke, na ile karameli ikajiachia yenyewe mpaka sufuria ikang’aa. Kisha, bila kugeuka na bila hasira, akasema, “Baba Watoto, leo umepigiwa makofi. Mimi mwaka wa kumi na tano huu ninapika humu, hata meza haijagongwa.” Tulicheka wote. Mimi nilicheka kama mtu aliyekamatwa.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili, na maoni yangu ni kwamba shukrani katika familia nyingi hazifuati kazi iliyofanywa, hufuata mshangao. Kinachotushangaza hutufungua kinywa, na kinachotulisha kila siku hutufunga. Pudini ilikuwa ya ziada, hakuna aliyeitegemea, na kwa hiyo kila mtu aliiona. Chakula cha jioni kilikuwa kimetegemewa tangu asubuhi, na kitu kinachotegemewa huonekana siku kinapokosekana au kinapozidi chumvi. Hivyo anayepika mara mia tatu kwa mwaka husikia neno siku ile moja aliyokosea, na anayepika mara moja hupata makofi. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini walau punda hupiga teke. Sisi tulikuwa tunainuka mezani na kwenda zetu.

Watu wengi watasema dawa yake ni kuwafundisha watoto kusema asante. Sikubaliani nao kwa urahisi. Tulijaribu, na matokeo yake yalikuwa “asantemama” moja, neno lililounganishwa kwa uvivu, likitamkwa huku kiti kikivutwa nyuma. Neno lilikuwepo, shukrani haikuwepo. Nilichojifunza ni kwamba mtu hawezi kushukuru kwa kazi asiyoijua, kama vile mimi nisivyoweza kushangilia bao katika mchezo ambao sijui kanuni zake. Na hapa ndipo kitindamlo kilipotufaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa hakihitajiki, kinaweza kuharibika bila mtu kulala njaa. Na kwa kuwa kinaweza kuharibika, anaweza kukabidhiwa mtu asiyejua. Huwezi kumwachia mtoto wa miaka saba chakula cha jioni cha watu wanne, lakini bakuli la matunda na jelatini, ule unga wa kugandishia jeli, unaweza kumwachia.

Basi tukapatana kwamba mara moja kwa wiki mmoja wetu atajaribu kitindamlo ambacho nyumba hii haijawahi kukila, kwa sharti moja ambalo mke wangu alilisisitiza mpaka likakubaliwa: anayepika ndiye anayeosha. Sharti hilo limefundisha kuliko hotuba zangu zote. Binti yangu aligundua kwamba kupiga ute wa mayai hadi usimame ni raha, lakini ukiachwa ukauke kwenye uma huwa gundi. Aligundua pia, baada ya mayai matatu kugoma kuumuka, kwamba bakuli lenye mafuta kidogo tu, au tone la kiini lililoponyoka, linatosha kuuzuia ute usijae. Alioshea bakuli hilo maji ya moto na sabuni, akalifuta, akaanza upya. Alipomaliza saa nzima baadaye, alikaa chini akasema miguu inamuuma. Mama yake alimtazama bila kusema kitu, na nadhani ule ulikuwa ukatili mdogo uliostahili.

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa wa kitindamimba. Alichagua jeli ya nanasi. Alikata nanasi bichi kwa kisu butu, vipande vikubwa na vidogo bila mpangilio, akayeyusha jelatini katika maji ya moto chini ya usimamizi wangu, akachanganya, akaweka katika friji, na kuanzia hapo akawa anafungua mlango wa friji kila baada ya muda mfupi kutikisa bakuli. Saa nne zilipita na bado ni maji. Usiku uliingia na bado ni maji. Sikujua, na siku hizi ninajua, kwamba nanasi bichi, yaani lisilopikwa, lina kimeng’enya kiitwacho bromelaini ambacho huzikata protini, na jelatini yenyewe ni protini, kwa hiyo haiwezi kushikana hata ikilala humo wiki nzima. Papai bichi na kiwi mbichi hufanya vivyo hivyo. Nanasi likichemshwa kwanza, au likiwa la kopo, ambalo limekwisha kupitishwa kwenye moto, kimeng’enya hicho huharibika na jeli huganda bila taabu. Kosa halikuwa lake hata kidogo.

Midomo yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Hapo nilitaka kusema uongo wa kawaida wa wazazi, kwamba ni tamu sana na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mke wangu alinitangulia. Alichukua glasi nne, akamimina ile jeli iliyokataa, akanywa funda moja na kusema, “Haikuganda, mwanangu. Lakini nanasi umelikata peke yako, na hukuacha ganda hata moja. Asante.” Mtoto akachungulia glasi yake kutafuta ganda. Hakuliona. Akanywa.

Nimerudia maneno yale kichwani mara nyingi, kwa sababu yalitenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa ninavichanganya: kusifu na kushukuru. Anayesifu hupima kilichotokea, na kwa hiyo akitaka kumfurahisha aliyeharibu hulazimika kudanganya. Anayeshukuru anatambua kilichofanywa, na hilo linawezekana hata pale kilichotokea ni maji. Inasemekana kwamba neno letu asante lina asili yake katika Kiarabu, ahsanta, lenye maana ya umefanya vyema. Kwa mujibu wa asili hiyo neno lenyewe linamtazama mtendaji na kitendo chake, wala si utamu wa kilichomo mdomoni. Ndiyo maana ninaamini asante isiyotaja kitu ni nusu ya asante. “Asante kwa chakula” ni salamu. “Asante, umetoa mifupa yote” ni ushahidi kwamba mtu aliona.

Wataalamu wa saikolojia nao wameligusa jambo hili. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti ambamo baadhi ya washiriki waliandika kila wiki mambo machache wanayoyashukuru, wengine wakaandika karaha zao, na wale wa kundi la kwanza wakaelekea kuyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi. Sina ugomvi na matokeo hayo. Ninachoongeza kama mtu wa nyumbani ni kwamba shukrani inayobaki daftarini humnufaisha aliyeiandika, wakati aliyesimama mbele ya jiko hajui kama imeandikwa. Ipelekwe jikoni.

Kuhusu sukari, kwa kuwa najua kuna msomaji anayekunja uso: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari za kuongezwa, pamoja na zile za asali na juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana zishuke hadi nusu ya hapo. Ndiyo sababu tunafanya mara moja kwa wiki na katika bakuli ndogo. Pudini ya mayai hupunguzwa robo ya sukari bila mtu kulalamika. Ute wa mayai uliopigwa haukubali, kwa kuwa sukari ndiyo inayoushikilia usimame. Na nunueni mizani, tafadhali. Kikombe cha unga kikishindiliwa kinaweza kuzidi kile cha unga uliomiminwa kwa gramu 30, halafu watu husema maelekezo ni mabaya.

Sitaki kuonekana kana kwamba nyumba yetu imekuwa mfano. Juzi nimeinuka mezani bila kusema lolote, nikakumbuka nikiwa tayari nimekaa mbele ya televisheni, nikaona haya kurudi. Binti yangu bado anajibu kwa neno moja moja, na wiki mbili zilizopita zamu yake ya kitindamlo iliishia kuwa ndizi iliyokatwa vipande, akidai kuwa huo ndio usasa.

Jana, hata hivyo, haikuwa siku ya kitindamlo. Kilikuwa chakula kile kile cha siku zote, na mezani hapakuwa na maneno mengi. Kitindamimba wetu alikuwa amekwisha kushika kijiko, akakiweka chini, akamgeukia mama yake.

“Mama, leo umeanza kupika saa ngapi?”

“Saa kumi na moja kasoro.”

Alitazama saa ya ukutani, iliyokuwa ikielekea saa mbili, akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole gumba, akasita, akaanza tena kutoka mwanzo, huku chakula chake kikipoa.