Peptidi za wanyama wa bahari na kidonda cha mvuvi wa Kibirizi

Mvuvi wa mwalo wa Kibirizi akichomwa na mwiba wa samaki, kidonda kikaanza kutunga usaha, mara nyingi hukimbilia duka la dawa muhimu, akanunua vidonge vichache vya rangi mbili, kisha akaviacha maumivu yanapopungua. Matumizi ya namna hiyo, ambayo hayako Kigoma peke yake, ni miongoni mwa yaliyowazoesha bakteria kustahimili dawa, na mwaka 2019 usugu huo ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Kwa sababu hiyo naona utafiti wa peptidi (vipande vifupi vya protini) za wanyama wa bahari unatuhusu, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka hapa.

Kaa, kome na minyoo wa baharini huishi katika maji ambayo mililita moja yaweza kuwa na bakteria wapatao milioni, na hawana kingamwili kama zetu. Wanajilinda, pamoja na njia nyingine, kwa peptidi hizo, ambazo ni minyororo mifupi ya asidi amino, yaani matofali ya protini. Mwaka 1988 watafiti wa Japani walieleza tachiplesini, yenye asidi amino 17, kutoka kwa kaa mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi. Mwaka 2004 Warusi wakaeleza arenisini, yenye 21, kutoka kwa mnyoo anayechimba mchanga wa ufukweni. Peptidi hizi zina chaji chanya, hivyo huvutwa na utando wa bakteria wenye chaji hasi na kuuvuruga. Wanaozitetea husema kwamba bakteria hawezi kubadilisha utando wake wote kwa urahisi kama anavyobadilisha protini moja inayolengwa na dawa ya kawaida.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini imekwisha kujaribiwa. Michael Zasloff, aliyegundua peptidi za ngozi ya chura mwaka 1987, aliamini kwamba usugu dhidi yake ungekuwa mgumu kutokea. Graham Bell, mwanabiolojia wa mageuzi, akapinga. Badala ya kuishia kwenye mabishano, waliungana na mwenzao wakawakuza bakteria kwa vizazi 600 hadi 700 huku wakiongeza dozi ya peksiganani, dawa iliyotengenezwa kwa mfano wa peptidi ya chura, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba usugu ulikuwa umejitokeza. Namheshimu sana mtafiti anayekubali kuingiza imani yake maabara namna hiyo. Hofu ya Bell ilikwenda mbali zaidi: miili yetu nayo hujikinga kwa peptidi, na bakteria aliyejifunza kuishinda dawa anaweza kujifunza kuishinda kinga yetu wenyewe.

Kuna vikwazo vingine: vimeng'enya vya tumbo huzikatakata peptidi, baadhi yake hupasua chembe nyekundu za damu, na kuzitengeneza ni ghali. Peksiganani yenyewe, iliyokusudiwa kupakwa kwenye vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, ilikataliwa Marekani mwaka 1999.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka utafiti huu uachwe. Kolistini, dawa ya kuua bakteria, nayo ni peptidi, ingawa hutoka kwa bakteria, na baada ya zaidi ya miaka 50 bado ni kimbilio la mwisho hospitalini. Jeni ya usugu dhidi yake inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine iliripotiwa China mwaka 2015, mahali ambapo dawa hiyo ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo. Kwa hiyo ningeunga mkono peptidi za bahari zianzie kwenye marhamu ya vidonda, ambako tumbo na damu havihusiki sana, na zisiingizwe kamwe katika chakula cha kuku, nguruwe au samaki wa vizimba.

Ziwa letu nalo lichunguzwe. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza, J. E. S. Moore, aliona konokono wa Tanganyika wanavyofanana na wa baharini, akadhani ziwa liliwahi kuungana na bahari. Alikosea, wamejibadilisha humuhumu, na wengi hawapatikani kwingine. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya viumbe vya nchi, inadai ridhaa na mgawanyo wa manufaa kabla ya viumbe kama hao kutumiwa, na mkataba wa aina hiyo unapaswa kutaja marhamu itauzwa kwa bei gani Ujiji.