Nati Moja na Paipu la Futi Nne

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu kutoka Nyali, hapa kwetu Mombasa. Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, ila siku hiyo hakuwa na lile Prado lake. "Fundi, njoo na paipu refu," akaniambia. Nikamuuliza paipu la nini. "Nati imekataa. Vijana wawili wameipigania saa nzima, haijasogea."

Nilikuta Porsche 911 GT3 nyeupe, gari la michezo, kando ya barabara, tairi la nyuma la kushoto limekaa chini kwa msumari. Jeki ya chupa ilikuwa juu ya kipande cha ubao, na ubao wenyewe juu ya mchanga. Kijana mmoja ameshika paipu la futi nne, mwenzake patasi na nyundo. Gari la kawaida lina nati tano pale katikati ya rimu. Hili lilikuwa na moja tu, pana kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa, na ubavuni mwake patasi ilikuwa imeshachimba mfereji unaong'aa.

Nikawaambia wateremshe gari kwanza. Kisha nikamwambia mwenye gari kwamba leo sifungui, sina zana yake.

Hakupenda. "Wewe miaka yote hii ni fundi wa tairi, unashindwa na nati moja?"

Neno lile nimelibeba tangu siku ile, ndilo limenifanya niandike. Kwetu fundi akisema "sina zana" anaonekana hajui kazi, na anayeingia na patasi anaonekana mwanamume. Kwa Probox tabia hii inakula bolti mbili tatu, unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Kwa gurudumu la nati moja inaweza kumla mtu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nati za Toyota nyingi ndogo tunazozijua zinakazwa kwa nyutonimita 103. Kwa Porsche 911 GT3 za matoleo ya 991 na 992, ile nati moja inakazwa kwa nyutonimita 600. Chukua wenzo wa mita moja ulale sawasawa, kisha mtu wa kilo 60 hivi asimame nchani kwa uzito wake wote: hapo umekaribia 600. Usidhani waliobuni walipenda kutesa watu. Nati tano zinagawana mzigo, na moja ikilegea zile nne zinakupa muda wa kusikia usukani unatetemeka ukasimama. Hii moja haina mwenzake. Ikilegea, imelegea yote.

Sasa, paipu lina kosa gani? Vijana wale walifikiri taabu iko kwenye kufungua. Paipu refu pengine lingefungua. Lakini lingefungaje? Paipu halina namba. Ukikaza kwa paipu unakaza kwa kukisia mshindo wa moyo wako, na mtu aliyechoka jua la saa kumi anakisia vibaya. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa fundi yeyote anayeniambia amewahi kushika magurudumu haya si "ulifunguaje", ni "spana yako ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iko wapi?" Na si ile ndogo ya kukazia plagi. Hii ni ndefu karibu kimo cha mtoto wa darasa la nne, inaingia soketi ya robo tatu inchi, na inafika 600 bila kulia.

Soketi nayo ni yake peke yake. Ndani ya nati kuna kufuli lenye springi. Soketi sahihi ikisukumwa mpaka mwisho inalibonyeza kufuli lile ndani, ndipo nati inaachia. Ukiingiza kitu cha kubahatisha, kufuli halijabonyea, unapigana na chuma kilichotengenezwa makusudi kisizunguke. Vijana wa Nyali walikuwa wanapigana na kufuli, hawakuwa wanapigana na kutu. Na mwisho wa kazi mambo yanageuka: ukichomoa soketi, kufuli lazima lirudi nje lenyewe. Unatazama kwa macho, halafu unagusa kwa kidole. Kama halijarudi, gari haliendi popote, hata kama mwenye gari ana harusi Kizingo saa mbili.

Nati hii imetoka kwenye mashindano ya magari. Kule inaeleweka. Mwaka 2023 kule Qatar, timu ya McLaren ya Formula 1 walibadilisha magurudumu manne kwa sekunde 1.80, na bila nati moja kwa kila gurudumu hakuna binadamu wa kufanya hivyo. Lakini hata wao, wenye mashine za hewa za bei ya nyumba na watu wanaofanya mazoezi kila wiki, inawakataa. Monaco mwaka 2021 gari la dereva wa Mercedes, Valtteri Bottas, liliingia kubadilisha tairi, bunduki ya hewa ikakaa kombo kidogo, meno ya nati yakasagika yakaisha. Mbio zake zikaishia palepale. Nati ile ilikuja kutoka baada ya saa 43, gari limesharudishwa kiwandani Uingereza. Na mwaka 2013 pale Nürburgring gurudumu la gari la dereva Mark Webber lilichomoka kwenye njia ya kubadilishia tairi, likambiringikia mpiga picha na kumuumiza. Hao ndio mabingwa. Sisi tuna ubao juu ya mchanga.

Kwa barabara zetu, ukiniuliza, nati tano zinatosha na kubaki. Kwa foleni ya Kibarani utashindana na nani kubadilisha tairi kwa sekunde mbili? Ila watu wanapenda sura yake. Kuna hata vile vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya nati tano ili gari lionekane la nati moja. Nimeviona kwenye Subaru na kwenye matatu. Hivyo havinisumbui, ni urembo kama hina. Vinavyonisumbua ni adapta za kuunganisha, zinazofungwa juu ya habu ya kawaida, kile kitovu kinachobeba gurudumu, ili ibebe gurudumu la nati moja. Sasa una bolti tano zilizojificha ndani usizoziona, na nati moja nje unayoiangalia. Mimi sizifungi. Aende kwa mwingine.

Wazee wetu waliyaona magurudumu haya kabla yetu, kwenye MG na Jaguar za zamani za rimu za waya. Nati zile zilikuwa na masikio mawili au matatu, na ulizigonga kwa nyundo ya shaba au ya risasi ili usiumize chuma. Ujanja wake ulikuwa kwenye nyuzi, ile mizunguko iliyochongwa ya kukazia: upande wa kushoto wa gari nati inafunguka kama chupa ya soda, upande wa kulia inafunguka kinyume, ili gari likienda mbele nati isijilegeze yenyewe. Nilifundishwa hivyo na mzee mmoja wa Makupa, na kofi nilipata nilipogonga ya kulia kama ya kushoto. "Mwanangu, soma mshale kwanza!" Mshale ulikuwa umechorwa juu ya nati, unaonyesha upande wa kufungulia. Kwenye Porsche Carrera GT walitumia rangi, nyekundu kushoto na buluu kulia, ili mtu asizichanganye. Kwa gari lolote jipya usiende kwa mazoea. Fungua kitabu chake.

Nifike kwenye jambo ambalo Nairobi hawalijui kama sisi. Chumvi. Mji wetu ni kisiwa, upepo wa kusi ukivuma hata kioo cha dirisha ukikiramba kina ladha. Rimu ni aluminiamu, habu ni chuma, katikati yake inaingia unyevu wa chumvi, na hapo vyuma viwili vinaanza kulana. Unaona unga mweupe kama wa muhogo kwenye tundu la rimu. Ukiuacha mwaka, rimu inashikana na habu, na hata nati ikitoka gurudumu halitoki. Ndipo utamwona mtu chini ya gari anapiga kwa nyundo kutoka ndani. Magari haya ndiyo yanayoathirika zaidi kwa sababu hayatembei. Yanafunikwa turubai wiki sita, unyevu unabaki humo ndani kama mvuke kwenye sufuria ya pilau. Mimi ningeyavua magurudumu mara mbili kwa mwaka hata kama tairi ni jipya, nifute nyuzi na sehemu ya koni kwa kitambaa kisicho na nyuzinyuzi, nitazame kama kuna mkwaruzo au rangi iliyobadilika, kisha nipake upya.

Nipake nini? Hapa ndipo mafundi wazuri kabisa wanakosea. Mkono unaenda kwenye kopo la grisi ya beringi kwa sababu ndilo liko karibu. Porsche wanataka pasta ya aluminiamu, na wanasema ipakwe wapi. Sababu si upendeleo wa kampuni. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia kwenye spana inaliwa na msuguano, na kinachobaki ndicho kinachobana gurudumu. Nyuzi zikiwa kavu, spana itakuambia 600 na gurudumu halijabanwa inavyotakiwa. Zikiwa na mafuta ya kuteleza kupita kiasi, namba ni ileile lakini umeivuta nati kuliko uwezo wake. Namba 600 ina maana tu pamoja na pasta waliyoipimia.

Basi Jumamosi ile gari lilipanda lori likaja kwangu. Soketi na spana vikatoka Nairobi kwa basi la usiku, na Jumapili asubuhi tukaanza, sakafu ya saruji, jeki ya troli, stendi chini yake. Mteja mwenyewe nilimketisha ndani akanyage breki, maana bila mtu wa breki gurudumu linazunguka nawe. Nati ilitoka kwa mvuto mmoja mrefu, bila kelele. Alishuka kuangalia, akadhani bado.

Kurudisha ndiko kulikochukua muda. Nyuma ya rimu kuna matundu ya kuingilia pini za habu. Yakikaa vizuri unasikia gurudumu linalala lenyewe. Nati tuliweka mpya, ile yenye mfereji sikuirudisha. Unaanza kuizungusha kwa mkono mtupu, na ikikataa kwa mkono unaanza upya, hulazimishi. Kisha spana mpaka 600, kisha unailegeza digrii 60, robo isiyotimia ya mzunguko, kisha 600 tena. Kwa 911 hizi ndivyo inavyotakiwa; ile ya kulegeza inazifanya sehemu zikae, na ya pili ndiyo inayohesabika. Mashine ya hewa ilikuwa ukutani na ikabaki ukutani.

"Mara mbili ya nini?" akauliza kutoka ndani, mguu kwenye breki. "Umeshakaza."

"Kanyaga tu, bosi."

Mteja alinunua seti yake ya soketi na spana, sasa imelala kwenye buti imezungushiwa shuka, kwa sababu gari lile halina tairi la akiba, na akipata pancha Mtwapa fundi wa karibu atakuwa na paipu. Mimi pia nikanunua yangu, ikaniuma mfuko. Imetundikwa juu ya meza. Vijana wa barabarani hupita kuazima vitu kila siku, na mimi si mchoyo: paipu wanachukua, patasi wanachukua, jeki ya chupa hata sijui iko kwa nani. Ile soketi hapana.