"Tumemlaza ili ubongo upumzike"

Ndugu wa wagonjwa mahututi huambiwa maneno hayo mara nyingi. Yana huruma, na si uongo. Ila mtu anayeyasikia huelewa kwamba dawa ya usingizi inaukinga ubongo usiharibike, na hapo ndipo moyo wangu unapokataa.

Wazo lenyewe lina mantiki. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Mtu akipewa thiopentali, dawa ya usingizi ya kudungwa mshipani, mpaka mawimbi ya umeme ya ubongo yanyooke, matumizi hayo hushuka kwa takriban nusu. Kwa hiyo ubongo usiodai mengi ungevumilia uhaba zaidi.

Tatizo ni kwamba damu ikikatika kabisa, mawimbi hayo hujizima yenyewe ndani ya nusu dakika. Kazi ambayo dawa ingeipunguza imeshakoma. Inabaki ile nusu nyingine, inayoziweka seli hai tu, na hiyo thiopentali haiigusi. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 262 waliokuwa bado hawana fahamu baada ya moyo kusimama na kurudishwa. Waliopewa thiopentali hawakupona vizuri kuliko wenzao.

Panya nao wametufundisha subira. Isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvutwa, ilionekana kuukinga ubongo wao uliokosa damu, walipochunguzwa baada ya siku chache. Walipoachwa wiki mbili, kinga ikawa imeyeyuka, kwa sababu seli ziliendelea kufa polepole. Gesi ya zenoni, ambayo nayo hulaza, bado inanipa matumaini: katika utafiti wa Finland wa 2016, wenye wagonjwa 110, picha zilionyesha madhara madogo zaidi ubongoni, ingawa tofauti ya vifo haikuthibitika.

Sisemi dawa hizi hazina kazi. Kifafa kisichokatika huzimwa nazo, na shinikizo ndani ya fuvu likigoma kushuka, hushushwa nazo. Lakini dawa hizohizo huangusha shinikizo la damu, na kwa aliyeumia kichwa, hata namba ya juu ya shinikizo hilo kushuka mara moja chini ya 90 huambatana na hatari kubwa ya kifo. Anayeulinda ubongo ni yule mtaalamu wa usingizi asiyebanduka kwenye kioo cha mashine, akichunga damu na oksijeni.

Ningependa ndugu waambiwe hivi: "Tumemlaza ili mashine impumulie bila kuhangaika, na usiku kucha tutalinda shinikizo lake la damu." Wanaweza kuubeba ukweli huo.