Scarface mmemweka wapi?

Mwandishi wa makala yenu anasema rap ya Kusini mwa Marekani ilianza kuheshimika kundi la OutKast lilipozomewa kwenye tuzo za jarida la rap The Source, New York, 1995, likajibu kwamba Kusini nako kuna la kusema. Haya, na Scarface je? Huyu rapa wa Houston na wenzake wa kundi la Geto Boys walishatikisa tangu 1991 na wimbo "Mind Playing Tricks on Me": jitu zima linakiri halipati usingizi, linaona maadui kila kona, wakati wengine wote wanajitutumua tu! Baadaye akapewa ubosi kwenye lebo ya muziki ya Def Jam South, akamsaini rapa Ludacris wa Atlanta. Korona ikamharibia figo, mwanawe akamtolea moja 2021. Mtu wa namna hiyo mnampa mstari mmoja kwenye makala, tena mwishoni kabisa. Mhariri, jamani!