Talaka tarehe 14, kadhi tarehe 14

Kama hujawahi kukaa na Q mkononi kwenye Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi kuwa maneno, nasi tunacheza ya Kiingereza, na U zote nne zishaisha kwenye bodi huwezi kunielewa kabisa, maana kwa Kiingereza Q karibu kila neno inafuatwa na U. Ile Q iko moja tu kwenye vipande 100, ina pointi 10, na gemu ikiisha bado unayo unakatwa hizo 10 halafu aliyemaliza anaongezewa yeye. Pale barazani kwetu Kibokoni kuna jamaa mmoja alikuwa ananiua hivyo kila wikendi, anaziwahi U zote makusudi kisha ananiangalia huku anakunywa kahawa.

Sasa dawa yake ipo, tena dawa ya watu wa pwani. Kamusi ya Collins tunayochezea inakubali maneno kibao yenye Q bila U, na mengi yametoka kwenye Kiarabu, yaani maneno ambayo mie nayasikia tangu niko chuoni kwa maalim. Basi siku moja kazini saa ya lunchi nikayaandika kwenye karatasi na pointi zake pembeni ili niyakariri:

QI 11
TALAQ 14
QADI 14
TALAQS 15
NIQAB 16
QIBLA 16
FAQIR 17
WAQF 19

Nikakunja nikatia mfuko wa shati. Shati likaenda kwenye kapu la nguo chafu, mie nishasahau.

Jumatatu jioni narudi naona makubadhi yamejaa mlangoni. Ndani mama mkwe, shangazi yake mke wangu, wajomba zake wawili, tivii imezimwa, hakuna hata kikombe cha chai. Moyo ukapasuka nikajua kuna msiba. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Inna lillahi, nani tena?"

Mama mkwe akasema, "Ndoa yako."

Karatasi yangu iko juu ya stuli, imepigwa pasi. Nasema kweli, imepigwa pasi. Na mjomba mkubwa, mwalimu mstaafu, ashavaa miwani na ashaifasiri yote, akaanza kunisomea kama anasoma wosia: "Tarehe 11 unakutana na huyu Ki. Tarehe 14 unatoa talaka na siku hiyohiyo uko kwa kadhi, hutaki kupoteza muda. Tarehe 15 umetia S, na S kwa Kiingereza ni wingi, yaani si moja, hutaki hata kurejea. Tarehe 16 nikabu na kibla, kwa hiyo huyo unayemuoa ni mtu wa dini, hilo tunashukuru. Tarehe 17 mtoto wetu keshakuwa fakiri. Tarehe 19 nyumba unaitia wakfu ili asipate hata dirisha."

Ukiangalia ulikuwa mpango mzuri kuliko mpango wowote niliowahi kupanga maishani, mie mwenyewe bili ya maji tu hunishinda.

Nikasema mjomba huu ni mchezo. Shangazi akapiga makofi, "Mnamsikia? Talaka kwake mchezo!" Mke wangu kasimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, haongei, na mwiko wenyewe haukuwa na chakula.

Mjomba mdogo, huyu kasoma fikihi kidogo, akakohoa akasema ngojeni jamani, kwa madhehebu yetu ya Shafi talaka ya kuandika inataka nia, hebu tumuulize, "Wewe ulipoandika hapa ulinuia nini?"

"Nilinuia pointi, mjomba."

Kimya. Nikaona nizidi kujieleza, nikawaambia huu mchezo ni wa maneno lakini hata maana huhitaji kujua, kuna Nigel Richards wa New Zealand, 2015 kachukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe haongei, kakariri kamusi tu. Mama mkwe akauliza, "Na huyo mkewe alimuacha tarehe ngapi?"

Ikabidi nilete bodi. Mjomba mwalimu akachukua vipande mwenyewe, T moja, A moja, L moja, A moja, Q kumi, akajumlisha kwa vidole, akapata 14. Akarudia kwa WAQF, 4 na 1 na 10 na 4, 19. Akavua miwani. Mtu wa hesabu ukimpa hesabu inayokubali huwa hana ubishi tena.

Hapo ndio mambo yakageuka maana akaanza kuniuliza kama ugali imo kwenye kamusi yao. Nikamwambia imo. Matatu? Imo. Pilau? Imo. Biriani? Imo mjomba, tena ina herufi saba, ukiziweka zote saba kwa mpigo unapewa 50 za juu. Akamgeukia mwenzake akasema hawa Waingereza biriani wanaijua thamani yake. Chai ikaja, mwiko ukarudi jikoni, wazee wakaanza kuaga, mjomba mdogo mguu mmoja ushaingia kwenye kubadhi.

Mama mkwe hajanyanyuka. Kidole chake kiko pale juu kabisa ya karatasi.

"Hayo mengine nimeyakubali mwanangu. Sasa huyu Ki ni nani?"

Na mie kwa furaha ya kusamehewa nikajibu haraka haraka bila kufikiri, "Aa mama, huyo wa Kichina tu!" Nilitaka kusema neno la Kichina, ile nguvu ya uhai wanayoiamini wao, lakini sentensi sikupewa nafasi ya kuimaliza.

"Mchina! Si niliwaambia? Tangu walipokuja kujenga ile reli ya SGR nilisema mimi!"

Mjomba akavua kubadhi akarudi kukaa.