Foliki asidi: kidonge cha kliniki au unga wa ugali?

Kuna wanaosema foliki asidi, vitamini inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri tumboni, ibaki kuwa kidonge cha kliniki, kwenye unga isitiwe, kila mtu ale chakula chake kama kilivyo. Siwapuuzi, ila kalenda inawakataa. Ule mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unatakiwa uwe umejifunga ndani ya kama siku 28 tangu mimba itungwe, muda ambao mwanamke ndo kwanza anajiuliza mbona siku zimechelewa, na kliniki kwa hapa Tanzania wengi wanaenda tumbo lina miezi minne mitano. Kwa mgongo wazi, yaani huo mrija kutojifunga upande wa mgongo, hapo kidonge kimeshachelewa.

Haina maana kitupwe. Kile kidonge cha kuongeza damu kina foliki na madini chuma pamoja, na damu mama anaihitaji mpaka anajifungua. (Choo cheusi na tumbo kufunga, vinavyofanya wengine wakifiche chini ya godoro, ni madini chuma hayo, foliki inasingiziwa tu.)

Unga wenyewe haumsubiri mama ajijue. Marekani wanaweka foliki kwenye unga tangu 1998, sisi kanuni zilikuja 2011 zikawabana wenye viwanda vya ngano na mahindi, Kenya 2012. Shida ni kwamba kijijini mahindi yanaenda mashine ya jirani yanarudi unga mtupu, kwahiyo anayefaidi zaidi ni wa mjini mwenye mkate na maandazi yake. Wapinzani wanauliza pia kwa nini babu wa miaka 70 ale kitu cha wajawazito, maana foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12, damu inaonekana safi kumbe neva zinaharibika. Ni kweli, ila hiyo ni hofu ya dozi kubwa, kwenye unga inawekwa kidogo.

Mi dozi kubwa naiogopa zaidi duka la dawa. Ukiomba foliki mara nyingi unapewa ya miligramu 5, wakati mjamzito wa kawaida anahitaji maikrogramu 400 tu, yaani umepewa zaidi ya mara 12! Hiyo ya 5 ina watu wake, mfano mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, tena kwa maelekezo ya daktari. Na WHO, shirika la afya duniani, wanasema dozi hiyo isiende pamoja na SP, ile dawa wajawazito wanayopewa kuzuia malaria, kwa sababu SP inavibana vijidudu vya malaria visipate foliki, sasa we unavirudishia kwa mlango wa nyuma.

Kwa mtazamo wangu unga utangulie, na nguvu iende kwenye hizi mashine ndogo. Halafu yule dada anayekuja kutolewa kijiti cha uzazi wa mpango kwa vile anataka mtoto, nesi si ameshajua tayari, kwa nini aondoke bila vidonge vyake vya 400? Zile mimba zisizopangwa ndo hazina nesi wa kuzisubiri, hizo ni unga tu.