Buluu mdomoni

Hapa Goma mabati hayazeeki, yanaliwa. Moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, ukichanganyika na mvua, bati la juzi linageuka chujio. Ndiyo maana mimi, mtu wa akili nyingi, nilimwaga dali: paa la zege, bapa kama meza, mita 6 kwa 8. Majirani wakauliza kama ni uwanja wa ndege. Nikawaambia, ngojeni mvua.

Mvua ya Machi 2024 ikaja. Saa nane za usiku, tone la kwanza likatua kwenye mto wangu. Upande wangu tu. Wa mke wangu ulikuwa mkavu kama unga wa muhogo. Tukatega sufuria, ikalia ting, na beseni la plastiki likaitikia tup. Ting, tup, mpaka alfajiri.

Nilimlaumu fundi. Nilimlaumu sokoni, nikamlaumu kwenye foleni ya maji, nikamlaumu hata kwa mwendesha pikipiki asiyemjua. Kwamba aliiba saruji! Kwamba mchanga ulikuwa wa makaburini! Maneno yakamfikia, akaja na ngazi yake, kimya. Akapanda, akamwaga kikombe cha maji katikati ya dali. Maji yakakimbia yenyewe mpaka kwenye bomba la kutolea.

"Mteremko upo, Mzee, sentimita mbili kila mita. Sasa tuzibe bomba, tujaze maji, yalale humo siku nzima."

Kina cha wastani cha sentimita 5 kwenye dali ile ni lita 2,400, yaani bidoni 120 za lita 20. Na Goma, pamoja na kukaa kando ya Ziwa Kivu, maji bado tunayanunua kwa bidoni. Machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yakapanga mstari mlangoni kwangu. Bibi mmoja alisimama, akahesabu vijana wanaopandisha maji juu ya nyumba, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Pole, baba. Ilianza lini?"

Kesho yake asubuhi, ting. Fundi akazunguka dali yote akiwa amekunja suruali, kama mvuvi. Akasimama kwenye kona iliyo mbali na kitanda changu, penye sahani ya televisheni.

"Hii nani aliifunga?"

Nikakohoa.

Akazungushia udongo mguu wa sahani, kama bwawa dogo, akatia humo buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Kisha akanituma chini nilale chali kitandani, nisibandue macho kwenye dari. Nililala. Dakika zikapita nyingi, dari nyeupe, usiku wote wa sufuria mwilini mwangu. Nadhani nilikoroma.

Kilichoniamsha ni ladha ya sabuni.

Nikatoka mbio kumwambia mke wangu hakuna kitu, fundi anatupotezea wakati. Akaniangalia. "Papa, fungua tena mdomo." Ulimi, meno, hadi ndevu za kidevuni, vyote buluu.

Basi nikasema. Januari ile, Leopards, timu yetu ya Kongo, wanakutana na Misri kwenye Kombe la Afrika, fundi wa sahani hapatikani, nikaazima mashine na kutoboa dali mwenyewe. Boliti nne, kila moja imepenya tabaka la lami. Maji yaliingia pale, yakatembea ndani ya ufa mita nne nzima, yakanitafuta mimi. Kipa wetu Mpasi alipofunga penalti ya mwisho nililia kwa furaha chini ya mashimo yangu.

Fundi hakucheka. Hilo ndilo liliniuma. Aliziba kwa lami ya moto, akaisimamisha sahani ndani ya tairi bovu lililojazwa zege, bila boliti hata moja. Halafu akadai malipo mara mbili: ya kazi, na ya yale niliyosema sokoni. Nikalipa zote mbili.

Alipotaka kuzibua bomba, kina mama wa mtaa wakapiga kelele: usimwage! Wakaja na mabeseni yao. Bwawa la udongo lilikuwa limebomoka na buluu imetapakaa dali nzima, na Jumatatu hakukuwa na mashati ya shule meupe kama ya mtaa wetu. Mimi nilibaki ndani mpaka Jumatano, nikisugua meno.